Kompyuta na Tableti za Shule za Umma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni fundi wa kompyuta, na kwa miaka kadhaa nimeketi kwenye bodi ya shule ya msingi ya umma hapa Kenya. Kila mkutano wa wazazi ukifika kwenye "mengineyo", mtu husimama na kuuliza kuhusu kompyuta. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika pamoja na majibu ninayotoa. Mengi yanaihusu Kenya, kwa sababu kabati za kompyuta ninazozifahamu ni za huku. Nchi nyingine nimezigusa pale zinapotufundisha kitu.

Zile laptopu za bure za darasa la kwanza ziliishia wapi?

Zilibadilika umbo, jina na mwaka. Muungano wa Jubilee uliziahidi kwenye kampeni za uchaguzi wa Machi 2013: kila mtoto anayeingia darasa la kwanza shule ya umma angepata laptopu yake, kuanzia mwaka uliofuata. Miezi michache baadaye walimu wakagoma wakidai marupurupu ya makubaliano ya 1997, na laptopu zikaingizwa kwenye ugomvi huo: iweje pesa za mashine zipo na za mwalimu hazipo? Mwaka 2014 zabuni ya zaidi ya shilingi bilioni 24 ikapewa kampuni ya kutoka India, washindani wakalalamika, bodi ya kukagua zabuni za umma ikaifuta, na kesi ikafika Mahakama Kuu. Mradi ukalala.

Ulipoamka, laptopu ilikuwa imegeuka tableti, na mpango ukaitwa DLP, yaani Mpango wa Ujuzi wa Dijitali, chini ya Mamlaka ya TEHAMA. Safari hii kazi iligawanywa. Chuo Kikuu cha Moi kikishirikiana na JP Sá Couto ya Ureno kilipewa kaunti 26, na Chuo Kikuu cha JKUAT kikishirikiana na Positivo BGH ya Amerika Kusini kikapewa kaunti 21. Majaribio yalianza 2016 kwenye shule 150, kisha vifaa vikasambazwa nchi nzima. Zaidi ya milioni moja vilifika kwenye shule zaidi ya 21,000.

Kwa hiyo mtu akikwambia hazikuletwa, amepitwa na habari. Ila ahadi ilikuwa ya mtoto, na vilivyoletwa vilikuwa vya shule. Hakuna mtoto aliyebeba chake nyumbani.

Shule yetu ingepaswa kuwa na nini hasa?

Mafungu yalifanana kila mahali: tableti za wanafunzi kwa kufuata idadi ya watoto wa darasa la kwanza wakati ule, laptopu mbili za walimu, projekta moja, na kisanduku kimoja ambacho ni seva na ruta kwa pamoja. Kisanduku hicho ndicho watu wengi hawakijui. Ndani yake mlipakiwa masomo, na kikiwashwa kinayarusha kwa Wi-Fi hadi kwenye tableti bila intaneti yoyote. Nimewahi kukikuta kikitumiwa kuzuia mlango usifungwe na upepo. Mwalimu alidhani ni betri ya sola iliyokufa.

Mbona za kwetu zimefungiwa kabatini?

Mwaka juzi niliitwa na mwalimu mkuu wa shule moja, si ile yangu, nikague tableti "kidogo tu". Ofisi ilikuwa na grili ya chuma dirishani na mlangoni. Akatoa funguo mfukoni, akafungua grili, akafungua mlango, akafungua kufuli mbili za kabati. Ndani mlikuwa na tableti 43, zimepangwa kama matofali. Nyingi bado zilikuwa na ile karatasi ya nailoni ya kiwandani kwenye kioo. Nikazichomeka kumi za kwanza. Tatu ziliwaka. Mbili betri zilikuwa zimevimba hadi kifuniko cha nyuma kikaachama kama mdomo wa samaki. Tano hazikuonyesha hata taa.

Nikamuuliza zilitumika lini mara ya mwisho. Akafungua daftari la kusaini. Mstari wa mwisho ulikuwa wa muhula wa tatu, 2018.

Usiharakishe kumlaumu. Vifaa hivyo viko kwenye rejista ya mali ya shule, na jina linalosimama mbele ya rejista ni la mwalimu mkuu. Akihamishwa, anamkabidhi anayekuja tableti moja baada ya nyingine, na ikipungua moja kuna barua, kuna polisi, pengine kuna makato ya mshahara. Zikiwa 43 kabatini, zote zimekufa, hesabu inatimia na makabidhiano yanapita. Hakuna afisa aliyewahi kuja kumwuliza watoto wamezishika saa ngapi kwa juma. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi pia ningenunua kufuli ya tatu.

Ninachowaambia wanabodi wenzangu ni kwamba tulinunua vifaa tukasahau kununua ruhusa ya kuviharibu. Kitu kinachotumiwa na watoto wa miaka sita kitaanguka, kitamwagikiwa uji. Bodi ikiandika kwenye kumbukumbu zake kwamba inatarajia kupoteza, tuseme, tableti nne kwa mwaka kwa matumizi ya kawaida, na kwamba kila iliyovunjika itaandikiwa ripoti ya ukurasa mmoja, mwalimu mkuu analala usingizi. Bila karatasi hiyo, hazitatoka kabatini hata mkifanya mafunzo mara saba.

Kwa nini zife ilhali hazikutumika?

Betri ya lithiamu huisha polepole hata ikiwa imezimwa. Ukiifungia ikiwa na chaji kidogo, baada ya miezi inashuka chini ya kiwango ambacho sakiti yake ya ulinzi inakikubali, na hapo inakataa kuchajiwa. Likizo ndefu ikija, ziweke zikiwa na karibu nusu ya chaji, zizime kabisa, na mtu azipitie mara moja kila mwezi. Iliyovimba isichajiwe wala isitobolewe. Itoe ndani ya jengo uiweke kwenye ndoo ya mchanga mkavu.

Shule ina stima. Shida ya kuchaji inatoka wapi?

Kabla ya tableti kuja, serikali ilifanya kazi kubwa ambayo haisifiwi vya kutosha: maelfu ya shule za msingi ziliunganishwa na stima, na zilizo mbali na nyaya zikapewa sola. Hata kama kila tableti ingeoza, taa za darasani zilibaki.

Lakini stima ya ofisini si stima ya darasani. Piga hesabu. Tableti moja ikichajiwa hula takriban wati 10. Hamsini ni wati 500. Soketi moja ya kawaida ya ampea 13 inabeba karibu wati 3,000, kwa hiyo nguvu ipo ya kutosha. Kinachokosekana ni mahali pa kuchomeka. Shule nyingi ninazozuru zina soketi mbili za ofisini, chaja kumi na tano zilizobaki kati ya hamsini, na kebo moja ya kurefusha ambayo mwalimu wa zamu huitumia kuchemshia chai. Kuchaji zote kwa zamu huchukua siku mbili, na zikishajaa zile za mwisho, za kwanza zimeanza kuisha.

Kwa sola hesabu inageuka, hapo nguvu ndiyo haba. Paneli ya wati 100 kwenye jua zuri la saa tano hutoa wati-saa 500, na kabla ya kufika kwenye tableti nyingine zimepotea njiani. Betri ya tableti moja ni kama wati-saa 18 au 20. Usitegemee kujaza zaidi ya ishirini kwa siku, na hapo taa zisiwashwe.

Nani hulipia matengenezo?

Hapa ndipo mradi ulipovunjikia mguu. Miaka ya mwanzo kuna dhamana ya muuzaji, ingawa kifaa kuletwa tena kutoka kituo cha huduma ni hadithi nyingine. Baada ya hapo mzigo ni wa shule.

Shule inaubeba kwa pesa gani? Mgao wa elimu ya bure ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shule ya watoto 400 basi inatarajia 568,000, na hizo hazifiki zote kwa mpigo. Humo mna chaki, karatasi, mitihani, bawabu, maji, kioo kilichovunjwa na mpira. Tuseme betri ya tableti pamoja na ufundi ni shilingi 2,000, na zinahitajika sitini: ni 120,000. Zaidi ya moja ya tano ya pesa zote za mwaka zimeishia kwenye betri. Hakuna bodi yenye akili timamu itakayopitisha hilo, na sisi hatukulipitisha.

Kwa wenye nafasi ya kuongea na wabunge: bajeti ya ununuzi ilisomwa Bungeni kwa sauti kubwa. Ulizeni mstari wa matengenezo wa mwaka wa tatu, wa nne na wa tano uko ukurasa gani.

Walimu walifunzwa au hawakufunzwa?

Walifunzwa, kwa siku chache, na mara nyingi ni walimu wawili watatu kwa shule. Kosa halikuwa nia. Kwanza, kozi za aina hiyo hufundisha kuwasha kifaa: bonyeza hapa, unganisha pale. Kufundisha watoto 60 kutoa kwa kukopa ukiwa na tableti 30, nusu yake zikiwa na chaji, ni ufundi mwingine kabisa. Pili, kuanzia 2018 Tume ya Kuajiri Walimu ilihamisha walimu wengi mbali na kwao. Mwalimu aliyefunzwa akaondoka na ujuzi wake, na shule aliyokwenda ikawa tayari ina waliofunzwa, au haina tableti.

Tatu, mtaala ulibadilika miguuni mwao. Vifaa vilianza kufika 2016 vikiwa na masomo ya mtaala wa zamani. Januari 2019 mtaala wa umilisi ukaingia gredi ya 1 hadi ya 3. Kwenye mtaala huo ujuzi wa kidijitali ni mmoja kati ya umilisi saba wa msingi, jambo jema kabisa, ila mwalimu akiwasha tableti anakuta somo lisilolingana na kitabu alichopewa. Taasisi ya mitaala, KICD, iliendelea kutoa masomo mapya mtandaoni. Kuyashusha hadi kwenye kile kisanduku cha shule kulihitaji mtu, flashi na muda.

Je, ni kweli kompyuta huongeza alama?

Inategemea umeiweka mkononi mwa nani na imfanyie nini. Sisemi hivyo kukwepa swali. Liliwahi kupimwa hapa hapa Kenya, Kisumu, chini ya mradi wa kusoma na hesabu ulioitwa PRIMR, na matokeo yakachapishwa 2016.

Kundi moja la shule, wanafunzi walipewa vifaa vya kusomea vitabu. Kundi la pili, tableti zilipewa walimu. Kundi la tatu, zilipewa maafisa wa elimu wanaozuru shule na kukaa nyuma ya darasa. Makundi yote yalipata pia vitabu na mafunzo ya ualimu. Yote yaliwashinda wanafunzi waliokuwa nje ya mradi. Ila yakilinganishwa na shule zilizopata vitabu na mafunzo peke yake, bila kifaa chochote, hakuna teknolojia iliyoongeza tofauti ya kutegemewa. Na iliyokuwa nafuu kwa mbali ni ya kundi la tatu, kwa sababu afisa mmoja huhudumia shule nyingi.

Serikali na wafadhili wakalichukua somo hilo kwenye Tusome, mpango wa nchi nzima ulioanza 2015. Maafisa wa kusaidia mtaala walipewa tableti. Afisa akiingia darasani anajaza fomu ya somo alilolitazama, anawasikiliza watoto watatu wakisoma, na kifaa kinarekodi mahali alipo. Nauli yake ikalipwa kwa kufuata rekodi hiyo. Maafisa waliokuwa hawaonekani mwaka mzima wakaanza kuonekana kila mwezi. Sijui matumizi mengine ya tableti shuleni yaliyoleta faida kubwa kwa pesa kidogo namna hiyo, na ajabu ni kwamba hayana picha nzuri ya kutia gazetini: hakuna mtoto anayetabasamu na kioo, kuna afisa tu amekaa kwenye dawati dogo, magoti juu.

Nje ya Kenya, Peru ilinunua laptopu kwa mamia ya maelfu kuanzia 2008, zile za mradi wa Mmarekani Nicholas Negroponte wa laptopu moja kwa kila mtoto, zilizotangazwa kuwa za dola 100 na zikaishia karibu mara mbili ya bei hiyo. Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika ilifuatilia shule 319 za vijijini na mwaka 2012 ikatoa ripoti: watoto walikuwa na kompyuta nyingi zaidi kupita kiasi, lakini alama za hesabu na lugha hazikusogea. Delhi, kwa upande mwingine, watoto waliotumia programu ya Mindspark baada ya masomo walipanda sana hesabu na Kihindi kwa miezi minne na nusu. Tofauti ni kwamba programu ile ilimpima kila mtoto na kumpa zoezi la kiwango chake, hata kama yuko darasa la nane na hesabu zake ni za darasa la nne. Tena kila kipindi kilikuwa nusu kompyuta, nusu mwalimu na kikundi kidogo.

Kuna nchi iliyofaulu?

Uruguay. Walianza 2007 kwa mpango ulioitwa Plan Ceibal, na kufikia 2009 kila mtoto wa shule ya msingi ya umma alikuwa na laptopu. Nchi ni ndogo, ina watu wachache kuliko Nairobi, hilo tulikubali mapema. Lakini walifanya jambo ambalo udogo haulielezi: waliunda taasisi moja ya kudumu yenye bajeti ya kila mwaka, na kazi zake zikajumuisha intaneti, ukarabati, masomo na walimu. Baadaye, walipokosa walimu wa Kiingereza, wakaanza kufundisha kwa video: mwalimu yuko mbali, mwalimu wa darasa yuko pale pale, wanafundisha kwa kushirikiana. Miaka mitano baada ya tangazo la kwanza bado kulikuwa na mtu wa kupigia simu.

Si heri pesa hizo zingeajiri walimu au kujenga vyoo?

Kama shule yenu ina mwalimu mmoja kwa watoto 80, ndiyo, heri. Sioni haya kusema hivyo nami nikiwa fundi wa kompyuta. Shida ni kwamba swali huulizwa kana kwamba pesa ziko kwenye meza moja na sisi tunachagua. Pesa za DLP zilikuwa na jina lake tangu Hazina ya Kitaifa, na shule haikuulizwa. Pale mnapoulizwa kweli, mathalani kwenye kikao cha maendeleo cha eneo bunge, angalieni kwanza idadi ya walimu na vyoo.

Wakati wa korona, hizi tableti zilifanya nini?

Shule zilifungwa Machi 2020, gredi chache zikarudi Oktoba, wote wakarudi Januari 2021. Watoto walifundishwa kwa redio na televisheni, walio navyo. Zaidi ya vifaa milioni moja vya serikali vilivyonunuliwa kwa ajili ya kujifunza vilikaa shuleni chini ya kufuli, kwa kuwa hakukuwa na utaratibu wa kuvipeleka nyumbani.

Maabara ya kompyuta au tableti darasani?

Kufikia 2019 serikali yenyewe ilikuwa imeanza kuegemea maabara: chumba kimoja, mashine zimefungwa mezani, darasa linaingia kwa zamu. Kwa usalama na stima, maabara inashinda. Kwa gredi ya 4 kwenda juu, na kwa sekondari wanaofanya Masomo ya Kompyuta kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ni lazima hata hivyo. Kwa watoto wadogo nina shaka. Darasa la watoto 55 likienda maabara kwa kipindi cha dakika 30, kumi zinaishia kwenye foleni na viatu. Mimi ningeweka projekta moja darasani, iliyofungwa juu ya dari, kabla ya kitu kingine chochote.

Intaneti ni lazima?

Kwa watoto, la. Kwa mwalimu wa TEHAMA, ndiyo, hata kama ni bando la simu yake mnalomlipia. Kuna programu za bure kama Kolibri ambazo huwekwa kwenye laptopu moja na kuhudumia chumba kizima bila mtandao. Pakueni mjini mara moja kwa muhula.

Mfadhili anataka kutuletea kompyuta 20 zilizotumika. Tukubali?

Ulizeni kwanza mambo manne, tena kwa barua. Ni za umri gani: nyingi zinazotolewa sasa ni zile zisizoweza kuendesha Windows 11, na Windows 10 iliacha kupewa huduma za kawaida Oktoba 2025. Si sababu ya kukataa, kwa sababu Ubuntu itafanya kazi vizuri na haina leseni ya kulipia, lakini lazima awepo mtu anayeijua. Ni za mezani au laptopu: kompyuta ya mezani na kioo chake cha zamani inaweza kula wati 150, ishirini ni kilowati 3, na bili itakuja kwa shule, si kwa mfadhili. Nani atasafirisha na kuzifunga. Na zikifa, nani anazichukua.

Mfadhili akikasirishwa na maswali hayo, alikuwa anatafuta jaa.

Mtoto akivunja tableti, mzazi alipe?

Msimtoze. Mzazi wa kwanza akilipishwa, habari zitafika kijiji kizima jioni hiyo hiyo, na kesho yake watoto watakatazwa kuzigusa. Isitoshe, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 haimpi mwalimu mkuu uwezo wa kujitungia malipo. Malipo yoyote ya ziada yanahitaji idhini ya Waziri kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti.

Zikiibwa?

Ripoti polisi, pata namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na muwe mmeandika namba za kila kifaa mapema kwenye karatasi isiyokaa kabati moja na vifaa. Mnacheka, lakini nimeona rejista ikiibwa pamoja na tableti.

Watoto wasioona je?

Shule maalum zilipangiwa mashine za kuchapa braili kwenye DLP. Lakini mtoto asiyeona aliye kwenye shule ya kawaida hahitaji kusubiri. Kwenye laptopu ya Windows wekeni NVDA, ni ya bure, inasoma skrini kwa sauti, na Kiswahili inakisoma pia ingawa kwa lafudhi ya roboti. Tableti za Android zina TalkBack tayari ndani yake. Vipokea sauti vya masikioni vya shilingi mia tano vinakamilisha kazi.

Tunaweza kutia picha za watoto wakitumia kompyuta kwenye ukurasa wa shule?

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inadai ridhaa ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto. Pigeni picha za mikono na vioo.

Vifaa vilivyokufa tuviuze kwa mtu wa vyuma?

Hapana, na msivichome. Ni mali ya umma, na Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya 2015 inataka kamati ya kuondoa mali ikae, itoe pendekezo, na hatua ziandikwe. Ni usumbufu, najua. Ndiyo sababu nyingine kabati hazifunguliwi. Lakini kabla ya kuviondoa, ruhusuni fundi avivunje vipuri: kati ya tableti kumi zilizokufa nimewahi kupata nne nzima, kwa kuhamisha vioo na betri tu.

Nitajuaje shule ilipokea vifaa vingapi?

Mwulize mwalimu mkuu kwa heshima, akuonyeshe rejista. Akikataa, andika barua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 inataka ujibiwe ndani ya siku 21. Andika kwa upole. Lengo ni kupata idadi, huhitaji kumfukuzisha mtu kazi.

Majirani zetu wanafanyaje?

Rwanda ilianza na laptopu za Negroponte 2008, ikagawa zaidi ya 200,000, kisha ikageukia madarasa ya kisasa yenye kompyuta za pamoja. Positivo BGH, wale wale wa kaunti zetu 21, walifungua kiwanda Kigali. Tanzania wana Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya 2006, ambao hutoa kompyuta kwa shule za umma. Kisha wakafanya jambo lililonipendeza: vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 vikagawiwa kwa walimu. Mwalimu ndiye mwenye kifaa, anakwenda nacho nyumbani, anakichaji kwake. Halina ufundi mkubwa, lakini tatizo la kabati linaisha.

Bodi yetu ina shilingi 200,000 tu. Tuanzie wapi?

Msinunue kifaa kipya hata kimoja. Siku ya kwanza, toeni kila kitu kabatini, mchaji, mhesabu vinavyowaka. Mtashangaa, mara nyingi theluthi inafufuka. Pesa ya kwanza iende kwa fundi wa stima: soketi nane ndani ya darasa moja, si ofisini, na swichi kubwa moja ya kuzima zote. Ya pili, chaja na kebo. Ya tatu, betri za zile zinazostahili, na fundi wa siku tatu. Ya nne, posho kwa mwalimu mmoja anayependa kazi hii (yupo kila shule, mara nyingi ni kijana wa kandarasi) ili abaki saa moja Jumatano na wenzake. Tengeni elfu arobaini za muhula ujao na msiziguse.

Kabati ihamie kwenye darasa hilo lenye soketi. Iwe na kufuli moja na funguo tatu: mmoja kwa mwalimu mkuu, mmoja kwa yule kijana, na mmoja kwa mwalimu wa zamu.